Siku moja Naivasha: jinsi ya kumtafuta besi kwenye ziwa usilolijua

Mimi ni mvuvi wa bahari. Nimekulia Kilifi, mshipi wa kwanza nilipewa na babu nikiwa na miaka saba, na hadi leo nikifumbua macho jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama maji yamejaa au yamekupwa. Siku niliyoshuka kwenye matatu Naivasha kwenda kuvua samaki aitwaye besi, elimu yote hiyo nilihisi nimeiacha pwani. Ziwa halina bamvua. Halina mwamba ninaoujua kwa jina. Hata harufu ya maji yake ni ngeni. Nimerudi mara nyingi tangu hapo, na haya nayaandika kwa ajili ya mtu atakayefika pale kama nilivyofika mimi: ana siku moja, hana mwenyeji, na hajui aanzie wapi.

Mjue samaki kwanza. Besi wa kinywa kikubwa si mzawa wa Naivasha; aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya watu wa kuvua kwa fimbo, akalipenda ziwa, akazaana. Rangi yake ni ya kijani iliyokolea mgongoni na nyeupe tumboni, ana mstari mweusi ubavuni hadi mkiani, na taya lake hupita nyuma ya jicho. Nilipomtazama usoni mara ya kwanza nilisema: huyu ni tewa, yule samaki wetu wa miambani. Na ulinganisho huo umenisaidia kuliko ushauri wowote niliopewa, kwa sababu besi huishi kama tewa. Hafukuzani na chakula maji wazi kama kolekole. Hujibanza kwenye kivuli, kando ya shina au chini ya majani, akatulia, na kitu kikipita mbele ya mdomo hukimeza mara moja. Basi tafuta nyumba, naye utamkuta ndani.

Fika siku moja kabla. Leseni ya kuvua kwa fimbo hutolewa na ofisi ya uvuvi, nayo hufunguliwa saa za kazi, wakati besi hupenda alfajiri. Ukifika asubuhi ya siku yenyewe utapoteza saa nzuri kuliko zote ukiwa kwenye foleni. Hapo ofisini uliza pia kama kuna msimu uliofungwa. Halafu alasiri shuka kwenye ufuko wa Kamere, kwenye ile barabara inayozunguka upande wa kusini wa ziwa, ukakae na wavuvi wa nyavu wakishona nyavu zao.

Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa. Usiwaulize samaki wako wapi. Mgeni akiuliza hivyo hunyooshewa kidole katikati ya ziwa, nawe utashukuru na usijue chochote. Waulize nyavu zao huchanika wapi. Mimi niliuliza swali hilo kwa bahati tu, nilipomwona mzee mmoja ana tundu la kupita mbuzi kwenye wavu wake. Akanijibu, "Ndugu, hapo kwenye miti iliyokufa. Sisi hatutegi hapo kabisa." Nikamwomba anionyeshe. Maji ya Naivasha yalipanda sana miaka ya 2019 na 2020, yakameza mashamba, nyumba na misitu ya migunga iliyokuwa kando ya ziwa. Migunga mingi ilikufa ikiwa imesimama, na mpaka sasa unaiona majini, mikavu na myeupe. Wavuvi wa nyavu wanapakwepa mahali hapo kwa sababu wavu hushika kwenye matawi. Samaki anayependa kivuli na shina hana haja ya pazuri zaidi ya hapo. Zaidi ya miti, muulize mwenyeji ua wa nani ulizama na ulikuwa wapi. Nguzo nazo ni nyumba, ingawa seng'enge iliyobaki chini ya maji imenikatia mishipi mingi.

Swali la pili ni viboko: wenye watoto wanakaa wapi, na wanarudi majini wakipitia njia ipi. Swali hili usiliache hata kama jua linazama. Kiboko hutoka kula majani usiku na kurejea majini alfajiri, ndiyo saa hiyo hiyo unayotaka kutoka wewe. Usivue ukiwa umesimama ukingoni, usiingie kwenye vichochoro vya mafunjo, wala usikae kati ya kiboko na kina cha maji. Kodi boti yenye nahodha anayelijua ziwa, patana bei na saa za kurudi kabla hujapanda, na jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Akisema tuondoke hapa, ondokeni. Mimi nimeacha samaki wanaruka mbele yangu kwa neno moja la nahodha, na sijutii.

Vifaa si vingi. Fimbo ya mita 2 hivi, rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), mshipi wenye nguvu ya kilo 6, ndoana kubwa kidogo, machubwi ya kuzamishia chambo, ya gramu 7 hadi 10, yenye umbo la risasi ya bunduki na tundu katikati, na pakiti mbili za nyungunyungu wa plastiki wenye urefu wa sentimita 15. Maji ya Naivasha mara nyingi ni ya tope, kwa hiyo chagua rangi zitakazoonekana kama umbo: nyeusi, kahawia iliyoiva, zambarau. Mimi hupenda kahawia nyekundu kwa sababu ya kamba. Kamba wekundu wa maji baridi, wenye magando, ambao asili yao ni huko huko Marekani, waliletwa ziwani mwaka 1970, na besi wakubwa huwala sana. Beba pia koleo la kutolea ndoana, na sweta. Watu wa pwani, sikieni: ziwa liko mita zipatazo 1,890 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri vidole vitakufa ganzi, na saa sita jua litakuchoma shingo.

Kufunga chambo kwenye mahali penye miti kuna namna yake. Pitisha mshipi kwenye chubwi, ncha nyembamba ikitazama juu, kisha funga ndoana. Ingiza ncha ya ndoana kwenye kichwa cha nyungunyungu kama nusu sentimita, itokeze pembeni, vuta ndoana mpaka jicho lake lifike kichwani, igeuze, kisha choma ncha ndani ya mwili wa nyungunyungu ibaki imefichwa humo. Mwili unyooke, ukipinda utazunguka majini na kusokota mshipi. Ncha ikiwa imefichwa, chambo hupita kwenye matawi na majani bila kukwama, na samaki akiuma kwa nguvu ncha hutoboa plastiki na kumshika.

Asubuhi, mkishafika kwenye migunga, usirushe kitu. Najua mkono unawasha. Mwambie nahodha azime mashine, mwende kwa kafi, na kwa nusu saa tumia macho. Mnandi wakikaa kwenye tawi wakianika mabawa, chini yao kuna chakula. Mdiria akisimama hewani na kupigapiga mabawa, ameona samaki wadogo. Tazama upande gani wa mashina una kivuli. Shusha chubwi pembeni ya boti ulipime kina, na usikilize mkono: matope humeza chubwi kimya, changarawe hulikwaruza, mti hulikataa. Kisha chagua eneo moja lisilozidi uwanja wa mpira, uamue kwamba asubuhi yako yote ni hapo. Siku yangu ya kwanza nilihama mahali mara tisa. Nililiona ziwa zima, na nikashika samaki mmoja wa kutosha kiganja.

Rusha kupita shina kama mita moja, chambo kizame mpaka mshipi ulegee, kisha kiburute polepole upande wa kivuli. Inua ncha ya fimbo kidogo, shusha, subiri. Kamba hatembei kwa haraka, nawe usimwendeshe kwa haraka. Shika mshipi kwa kidole cha shahada mbele ya rili, kama unavyoushika ngalawani. Changu hudona, besi mara nyingi hufanya mshipi uwe mzito tu, kama umeshika jani lenye maji, au uende pembeni bila sababu. Hapo kaza mshipi na uvute fimbo kwa nguvu mara moja. Usimpe nafasi ya kuzunguka shina. Mtoe mahali penye miti kwanza, mengine baadaye, vilevile unavyomng'oa tewa kabla hajaingia pangoni.

Kuna jambo moja ambalo bahari haikunifundisha. Besi huruka nje ya maji, hufungua kinywa na kutikisa kichwa ili ateme ndoana. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilinyanyua fimbo juu, nikampoteza samaki ambaye mpaka leo namwona nikifumba macho. Ukiona mshipi unapanda juu kwa kasi, inamisha ncha ya fimbo mpaka iguse maji, ubaki umekaza. Akifika botini, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Hana meno ya kukata. Ni kama msasa tu.

Jua likipanda, wale wa pembezoni huingia ndani zaidi ya kivuli. Hapo jaribu ukingo wa magugu maji, ukiacha chambo kishuke wima, au mwombe nahodha mwende upande wa Crescent Island. Kisiwa hicho ni ukingo wa volkeno ya kale, na maji yaliyo ndani ya tao lake ndiyo yenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine za ziwa. Ila visiwa vya magugu maji husukumwa na upepo, na vinaweza kuifunga njia mliyoingilia. Achieni nafasi ya kutokea.

Muwe mmerudi kabla ya saa tisa. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na waliolipa jina hilo walilijua. Alasiri upepo hushuka ghafla, na ziwa lililokuwa kioo linakuwa na mawimbi mafupi, ya karibu karibu, yanayoingia botini vibaya kuliko ya bahari.

Kama leseni inakuruhusu kuchukua samaki, chukua wa kutosha chungu, wa kilo moja au chini yake. Nyama yake ni nyeupe na imeshikana. Mimi hubeba nazi kutoka nyumbani na kuwafanya wa kupaka. Wale wakubwa warudishe majini kwa upole. Usiache hata kipande cha mshipi kwenye miti, maana furukombe hutua pale pale. Na kabla hujaondoka, kagua boti, viatu na mfuko wako: usihamishe kamba hai, samaki hai wala jani la gugu maji kwenda maji mengine. Ziwa hili lilikuwa na samaki wake mdogo wa asili, aliyeonekana mara ya mwisho mwaka 1962. Waliopo sasa karibu wote wameletwa na watu. Mimi nampenda besi kwa moyo wote, lakini jambo hilo hunikaa kichwani kila ninapomshika.

Jioni, kabla ya kulala, andika: kina, saa, rangi ya chambo, upepo, mti. Daftari langu la Naivasha sasa lina kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja: mgunga wenye panda, upande wa kivuli, saa moja na robo asubuhi.