Somo: Namna ya kutenga faragha na kupumzika mbele za Bwana

Shalom wapendwa. Wengi wetu tukisikia faragha tunadhani ni kipindi kingine cha maombi: tunaingia na orodha ndefu, tunatoka tumechoka kuliko tulivyoingia. Someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hadi anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, nabii analala tena, anaamshwa ale mara ya pili, ndipo anakwenda siku 40 mpaka Horebu. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baada ya hayo yote. Kwa hiyo tunaanza na mwili.

Hatua ya 1. Wiki nzima ya kwanza, lala dakika 45 mapema kuliko kawaida yako, basi. Mwenye deni la usingizi akikaa kimya atasinzia tu, kisha atajilaumu bure.

Hatua ya 2. Chagua dakika 20, saa ileile kila siku, si mara tu baada ya kushiba. Waambie wa nyumbani utatoka saa ngapi. Ukijificha watakusaka, kama Simoni na wenzake walivyomfuata Yesu (Marko 1:36).

Hatua ya 3. Zima simu, uiache chumba kingine. Kuitoa sauti na kuiweka mfukoni hakusaidii, mkono utaifuata wenyewe. Tumia saa ya mezani, Biblia ya karatasi, daftari na kalamu.

Hatua ya 4. Keti miguu ikigusa sakafu, pumua taratibu dakika 2. Soma Zaburi 131 kwa sauti, mara mbili. Ina mistari 3 tu. Zaburi ndefu itakugeuza mwanafunzi wa Biblia, na leo hatujaja kusoma. Funga kitabu.

Hatua ya 5. Nyamaza dakika 12, usiombe kitu. Kazi yenyewe iko hapa. Muda si mrefu akili italeta deni, ujumbe ambao hujaujibu, maneno uliyoambiwa jana. Jambo la kufanya liandike kwa neno moja, urudi. Hasira au hofu usiijadili wala usishindane nayo, mwambie Bwana, "Na hili pia," kisha rudi kwa neno fupi kama "Bwana, nipo." Ukirudi mara 30 hujashindwa, maana kurudi ndilo zoezi.

Halafu huja uchovu wa moyo. Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliueleza vizuri: mtawa anaona jua halisogei, anachungulia dirishani, anatamani mwenzake yeyote aje. Dawa yake ni kutoinuka kabla ya muda.

Hatua ya 6. Sali Baba Yetu polepole, uondoke. Usijipe maksi.

Ukizoea kwa mwezi mmoja, tenga nusu siku kila mwezi: kulala, kutembea bila mwendo wa haraka, kukaa kimya. Usiandae mahubiri wala kufua.

MASWALI YA WASHIRIKI

Swali: Mwalimu, nina watoto wawili wadogo. Hizo dakika 20 nazipata wapi?
Jibu: Dada, chukua 5, na hata hizo umwombe mwenzio au ndugu awashike watoto. Kama wamelala mchana na wewe umechoka, lala nao. Usingizi huo si uvivu, na Zaburi 127:2 ipo kwa ajili yako.

Swali: Bwana asifiwe mtumishi. Kunyamaza hivi si kufungua mlango kwa roho nyingine?
Jibu: Amina. Hatuondoi fahamu, tunamngoja Mungu tunayemjua kwa Neno lake (Zaburi 62:1). Ndiyo maana tunaanza na zaburi na kumaliza na Baba Yetu. Usiruke hizo mbili.

Swali: Niunganishe na kufunga?
Jibu: Mwanzoni hapana. Njaa itakula dakika zote 12.

Swali: Mimi ni mchungaji, Jumapili ndiyo siku yangu ya kazi.
Jibu: Basi chagua siku nyingine, uitangaze kanisani, na mzee mmoja apokee simu zako. Asipokuwepo wa kuzipokea, pumziko lako litavunjwa na simu ya kwanza.

Swali: Nimefiwa. Nikikaa kimya nalia tu.
Jibu: Pole sana ndugu. Lia, lakini usikae peke yako kwa sasa. Mwombe mtu unayemwamini aketi chumba kilekile, naye anyamaze. Ukiona hulali, huli, au unawaza kufa, mwambie mtu wa karibu leo na umwone daktari, wala usingoje mwezi wa zoezi uishe.