Somo: Kufungua nafasi ya kato la pembeni kwa springi ya kusukuma

Swali la jinsi ya kulifungulia nafasi jino lililobanwa, wakati wa kunyoosha meno kwa waya, linarudi kila mara, basi lisomeni hapa. Kato la pembeni la juu (jino la pili kutoka katikati) limebanwa nyuma ya mstari wa meno na nafasi haipo.

1. Nyoosha meno mengine kwanza. Lililobanwa liache nje ya waya.

2. Panda hadi waya wa chuma cha pua, duara, inchi 0.018 au mzito zaidi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Juu ya waya laini wa nikeli-titani, springi inaupinda waya nje kuelekea upande wa mdomo; kato la kati na chonge yanalala na kuzunguka. Pengo litaonekana, lakini ni la uongo: vichwa vya meno vimeachana, mizizi iko palepale. Usikubali haraka ya mgonjwa ikuondoe hapa.

3. Pima kati ya braketi (vishikio vya waya vilivyogandishwa kwenye meno) mbili za jirani, ongeza upana wa braketi moja, kata springi ya nikeli-titani kwa urefu huo. Pengo la mm 5, kata mm 8 hivi. Ukizidisha, braketi itabanduka.

4. Vika springi kwenye waya, ibane, kisha funga braketi za jirani kwa ligecha ya chuma (uzi mwembamba wa kufungia), si ya raba. Raba hulegea na jino huzunguka.

5. Mwone baada ya wiki 4 hadi 6.

Jambo la kuamua kabla ya yote: kama nyuma ya chonge hakuna pengo, nafasi itatoka kwa kato kusogea mbele. Mdomo na ufizi wa mgonjwa huyo unaruhusu?

Intani_Meno: Nina waya wa 0.014 tu wa nikeli-titani, niweke?
Jibu: Hatua ya 2.

Chonge22: Kwa nini springi ya nikeli-titani, si ya chuma?
Jibu: Swali zuri. Ya chuma husukuma sana mwanzoni, ikitanuka kidogo tu nguvu inaporomoka. Ya nikeli-titani hushikilia nguvu karibu ileile kwa safari ndefu. Ukiwa na ya chuma tu, inafaa, ila kila miadi uibane upya: minya kizuizi kidogo kwenye waya kati ya springi na braketi.

Gego_la_Mwisho: Mgonjwa wangu shavu limechubuka.
Jibu: Geuza ncha iliyokatwa itazame jino, mpe nta. Mpe pia brashi ndogo ya katikati ya meno. Chakula hujificha ndani ya mizunguko ya springi, na ufizi wa hapo huvimba mapema.

Chonge22: Nafasi ikitosha, springi naitoa?
Jibu: Hapana. Linganisha na upana wa kato la upande wa pili, kisha weka kipande cha springi kisichobanwa kishike nafasi hadi jino liingie.