Kabla ya kununua spika
Unaanzisha kanisa jipya? Kabla hujahangaika na nembo na rangi za jukwaa, kaeni mkubaliane nani atafundisha, mtafundisha nini miezi mitatu ya kwanza, na nani atamfuatilia mgeni asiporudi Jumapili ya pili. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Matendo 2:42 inataja mambo manne tu: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Vyombo havimo. Sisemi mfanye ibada ovyo ovyo. Maikrofoni inayokoroma huharibu hata mahubiri mazuri, basi sauti isikike na ibada ianze kwa wakati. Taa za rangi zitasubiri. Jaribuni Jumapili moja bila vyombo kabisa, muone kinachobaki.