Kulinda macho na mtoto wa jicho: ninavyofanya mimi mlima mwani

Mama alilima mwani hapa Micheweni, Pemba, miaka mingi bila chepeo. Alipoanza kuiona taa imezungukwa na ukungu, jirani akamtilia asali. Jicho likavimba wiki nzima. Kwa hiyo naanza hapo: usitie kitu jichoni. Si asali, si maji ya majani, si manjano, wala dawa ya matone ya kuazimana. Yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ikitumiwa muda mrefu yenyewe huleta mtoto wa jicho.

Lenzi ya jicho ni protini na maji. Umri, jua kali, sigara na kisukari huziharibu protini hizo kidogo kidogo, zikagandana kama ute wa yai motoni; ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Antioksidanti ni vitu vinavyosaidia kuzuia uharibifu huo.

Bamvua likifika, maji hutoka saa nne asubuhi, basi jua hutukuta pwani. Vaa chepeo la ukili lenye ukingo mpana na miwani iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia miale ya jua inayodhuru, maana mwanga hupiga hata kutoka chini, majini na mchangani. Pima sukari. Sigara acha kabisa.

Jikoni, pika mchicha, matembele au kisamvu kwa tui la nazi. Majani haya yana luteini, antioksidanti inayofika mpaka ndani ya lenzi, nayo huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Mapera na mapapai yaliyoiva kula bila kuyapika, kwani moto huharibu vitamini C, nayo ni antioksidanti. Vidonge sinunui: Marekani walifuatiliwa watu zaidi ya 4,500 kwa miaka 6 hivi, baadhi wakipewa vitamini C, E na beta-karotini na wengine wasipewe, na matokeo ya 2001 hayakuonyesha kinga kwa mtoto wa jicho.

Siku hizi husikika pia dawa za nanoteknolojia, yaani za chembe ndogo mno. Kiini cha manjano, kurkumini, hakiyeyuki majini, na kioo cha mbele cha jicho (konea) hakipitishi matone kirahisi. Watafiti hukifunga kwenye chembe hizo, zinazopimwa kwa nanomita (milimita moja ina nanomita 1,000,000) ili kipenye. Kwa panya imeleta matumaini, nami naifuatilia kwa hamu. Ila anayekuuzia leo sokoni anakula pesa yako.

Ukungu ukishaingia, dawa ni upasuaji tu, usingoje. Mama alitolewa lenzi yake, akawekewa ya plastiki. Sasa hukaa barazani akifunga tai-tai, zile nyuzi za kushikia mwani, kwenye kamba, bila kumwita mjukuu amwonyeshe fundo.