Mtoto kupanda ndege peke yake

Mwanangu wa miaka 8 alipokwenda Nairobi kwa mamake mdogo, nilijifunza hivi. Usikate tiketi mtandaoni ukanyamaza. Lipigie shirika simu kwanza, useme mtoto hana mwenziwe. Mengi huwachukua kuanzia miaka 5, na hutoza ada ya kumwangalia. Kuna fomu ya anayempeleka na anayempokea. Jina la mpokeaji liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mie niliandika “Mama Zuu”, dadangu akazuiliwa kule nusu saa! Nakala ya cheti cha kuzaliwa itie mkobani mwake. Sisi wa Likoni, Mombasa, tutoke alfajiri, feri haina ahadi. Na usiondoke uwanja wa ndege wa Moi mpaka ndege ipae.