Ukitaka kuujua mgahawa, mtazame mvuta mkokoteni

Nimehudumu mezani Kariakoo miaka 9, na hadi leo nikiingia mgahawani macho hayatulii. Siku hizi jamaa zangu wenye migahawa huniomba nikae kwao saa moja hivi, kisha niwaeleze nilichoona. Nafanya hivi.

Nenda saa saba mchana, siku ya kazi. Saa nne asubuhi kila mhudumu ni mpole. Saa saba, wali unapakuliwa mfululizo na meza zimejaa, ndipo tabia hujitokeza. Usihukumu kwa siku moja. Mimi huenda siku 3, moja ikiwa Ijumaa, maana baada ya swala watu huingia kwa mkupuo wakitaka pilau. Mchana wa Ramadhani uache, hutaona hali ya kawaida.

Kaa pembeni, mahali unapoona mlango na dirisha la jikoni kwa pamoja. Agiza chai ya rangi na chapati moja. Mhudumu akishajua huli kuku, utaona kama atarudi kukuuliza lolote.

Kisha mtazame anayeingia na jasho lake. Juzi aliingia mvuta mkokoteni, kandambili zimejaa vumbi, akaagiza ugali maharage. Nyuma yake akaja bwana mwenye funguo za gari mkononi. Dada akamwendea huyo: "Karibu bosi!" Akamfutia meza, akamletea birika na beseni, akamnawisha pale pale alipokaa. Yule mwingine alionyeshwa bomba kwa kidevu. Sahani yake ilikuwa tayari dirishani. Niliuona mvuke ukipungua hadi ukaisha. Dakika 12. Alipolipa kwa noti ya elfu tano akaambiwa asubiri chenji, akasubiri amesimama mlangoni, huku mkokoteni wake ukipigiwa honi barabarani.

Hayo ndiyo ya kuandika: nani alisalimiwa, nani aliitwa kaka au mzee na nani hakuitwa chochote, chenji ilirudi mkononi au ilidaiwa.

Watazame na wateja. Wapo wanaosema "dada, samahani", na wapo wanaopiga mluzi kama wanaita mbuzi. Tazama pia kaunta. Nilipoanza kazi, glasi ikivunjika tulikuwa tunafokewa mbele ya wateja na kukatwa mshahara. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkaribisha mtu. Kwa hiyo kitu kikianguka, sikiliza mwenye mgahawa anasema nini kwanza.

Usipige picha watu wakila. Usiandike mezani pia, wahudumu watadhani wewe ni bwana afya na watabadilika wote. Kunywa chai, toka, andika ukishafika mtaa wa pili.

Ukitoa taarifa, eleza tukio, usimtaje mhudumu. Sema "meza ya mlangoni, saa saba na robo, alisubiri dakika 12." Ukitaja mtu, kesho hana kazi, na mara nyingi kosa si lake peke yake. Yule dada alikuwa na meza 9 bila msaidizi, tena anakusanya hela na kufuta meza mwenyewe. Nilimwambia mwenye mgahawa aongeze mtu wa pili saa za mchana, na birika na beseni vipite kila meza, kuanzia na aliyetangulia kukaa.