Turituri, mbono kaburi na tunguja: ukienda porini na watoto

Huku kwetu Muheza watoto wakirudi kuchuma kunazi, pekua mifuko kwanza. Kinachonitisha mimi ni turituri. Mmea wake hutambaa juu ya uzio na una vijani vidogo vilivyopangana kama vya mkwaju. Ganda likikauka hupasuka na kujikunja, ndani zimebaki mbegu nyekundu zenye doa jeusi upande mmoja. Nani asizitamani?

Sumu yake, abrini, imo ndani ya mbegu. Ndege akiimeza nzima, ganda lile gumu halisagiki. Huitoa mbali na hapo ndipo mmea unapoota. Basi usinipe ile hoja ya "mbona ndege anakula". Mtoto hutafuna, na mbegu iliyotafunwa au kutobolewa ndiyo ya hatari. Bangili za turituri nyumbani kwangu haziingii, hata ziwe za zawadi. Majani ni habari nyingine: yana utamu, na wazee wa pwani huyatafuna kwa kikohozi. Wanaochuma dawa hiyo huchuma majani, si mbegu.

Mbono kaburi hupandwa uzio kwa sababu mbuzi hawautaki. Tunda huanza kijani, likawa njano, mwisho jeusi. Ubaya wa mbegu zake ni kwamba hazina uchungu. Mtoto huzila kama karanga, kisha hutapika na kuharisha. Waganga wamezitumia kuharisha watu kwa makusudi, na mimi sikushauri ujaribu.

Tunguja hujilinda lenyewe kwa uchungu. Mzizi wake huchemshwa kwa maumivu ya tumbo, lakini tunda, liwe bichi au la njano, liache.

Mtoto akishatafuna, mtoe mabaki mdomoni, asukutue kwa maji, umkimbize hospitali. Usimtapishe, usimpe maziwa, mafuta wala majivu. Usingoje aumwe: abrini huweza kukaa saa nyingi, hata siku nzima au zaidi, kabla ya tumbo kuanza kukata, na dawa ya kuivunja haipo. Hospitalini watamhudumia kwa kadiri ya dalili, hivyo kuwahi ndiko kunakosaidia.

Beba na tawi lenye tunda au ganda, ulitie kwenye mfuko. Majina haya hubadilika toka kijiji hadi kijiji, na mhudumu aliyetoka bara anaweza asilijue lako.